Jiko Lisilo na Ukuta

Saa tisa usiku, Februari, Greifswald.
Upepo wa Baltiki unagonga dirisha kama mdai,
nami naisubiri mashine iliyoko kusini, Bavaria,
inihesabie jambo ambalo sijaliona
wala sitaliona kwa macho:
joto linavyotoroka.

Baba yangu, Hinnerk Tessnow, alijenga majiko ya vigae
miaka arobaini na mmoja,
yale ya kijani yanayokaribia dari.
Siri, alisema, haimo motoni;
moto hata mtoto huwasha.
Siri ni njia ya moshi. Uupindishe, uushushe, uupandishe tena,
ukifika kwenye bomba uwe hoi,
umeacha ukutani kila ulichobeba.

Langu halina ukuta.
Ni pete, na ndani ya pete kuna kitu si hewa, si maji,
mamilioni ya digrii, kisichokubali chombo,
kimeshikwa na sumaku tu,
mbwa mkali kwa kamba isiyoonekana.
Hatua moja kutoka hapo, nyuma ya chuma,
kuna baridi iliyofika karibu na mwisho wa baridi.
Kati ya viwili hivyo ni mteremko,
na joto, kama maji, kama umbea,
halijui kutulia juu ya mteremko.

Hesabu za zamani zilisema litavuja taratibu,
chembe igonge chembe, isogee unywele.
Vipimo vikacheka.
Linatoka maradufu, maradufu tena,
maana mle ndani mna visulisuli,
vingine vyembamba kuliko ukucha,
na kila kimoja hukunja joto kidogo katika pindo
kikalitupa nje.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema.
Huyu hana nguo. Huyu ni kikulacho mwili mzima.

Wiki tatu modeli yangu ilivuja
kuliko hata mashine ya kweli.
Nikafupisha hatua za muda. Nikabana gridi.
Nikamlaani Ruprecht aliyeandika nusu ya msimbo
kisha akastaafu kwenda kufuga nyuki.
Jana, mstari wa elfu mbili mia mbili na kumi na nne,
nikakuta mwandiko wangu mwenyewe:
kila hatua nilikuwa nafuta wastani,
nikiudhani takataka,
kitu bapa, kizembe, kisichobeba joto popote.

Kweli hakibebi.
Nikaurudisha.

Sasa picha zinaingia, moja moja, nyekundu na buluu.
Kwanza vidole virefu, kutoka kitovuni hadi ukingoni,
vinachota, vinamwaga, vinachota.
Halafu (hapa nilisimama, chai ikamwagikia soksi)
vidole vinasukumana,
na msukumano wao unazaa mikondo myembamba,
huu ukienda kushoto, jirani yake kulia,
duara ndani ya duara,
inapita katikati yao kama wembe.
Vidole vinakatika. Vinakuwa makombo.
Hakuna aliyeleta wembe. Wameuzaa wao.
Dawa ya moto ni moto:
miaka yote nilidhani ni kauli ya ugomvi.

Saa kumi na moja nampigia baba, najua yuko macho,
anakoroga majivu.
“Bado linavuja?”
“Linavuja.”
“Kiasi gani?”
“Theluthi moja kupita kipimo. Sijui kwa nini.”
Nasikia mlango wa chuma ukifungwa, kuni zikilalamika.
“Wiebke, jiko lisilovuja kabisa
litampasha nani?”

Sikumjibu. Hajui digrii zangu,
na pengine hilo silo swali langu, langu ni theluthi.
Nimepunguza mteremko kidogo, nimeongeza elektroni
nilizokuwa nimezifunga kwa uvivu,
nimetuma kazi upya.
Mashine imenijibu kwa namba ya foleni: thelathini na nane.
Nje theluji inaanguka kwa ubavu.
Naweka kiganja kwenye kigae cha jiko la chumba changu,
alilolijenga yeye mwaka nilipozaliwa.
Kina uvuguvugu. Tangu jana jioni.